Nondo ya Daraja la 500: Tathmini ya Bidhaa Inayozikwa Kabla ya Kujulikana

Nondo ni bidhaa ngumu kuitathmini. Pampu hujulikana ubora wake kwa kuvuta maji na kiatu kwa kuvaliwa, lakini nondo huzikwa ndani ya zege siku chache baada ya kununuliwa, na mnunuzi akibahatika hataiona tena maisha yake yote. Kwa hiyo yanayopaswa kusemwa juu yake yasemwe kabla haijafunikwa, ingali imelala juu ya magogo katika mafungu yake, ikiwa na ile rangi ya kijivu ya kiwandani na alama ndogo ambazo wengi hudhani ni mapambo. Kwa miaka kadhaa nimesimamia upokeaji, ukataji, upindaji na ufungaji wa nondo, na tathmini hii inahusu aina moja tu: nondo yenye mbavu, ya daraja la 500, iliyopozwa kwa maji kiwandani, yenye kipenyo cha kuanzia milimita 8 hadi 25, inayotengenezwa kwa kufuata viwango kama BS 4449 cha Uingereza au ISO 6935-2 cha kimataifa.

Niitoe hukumu yangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Hii ni bidhaa nzuri, na ni bora kuliko zote zilizoitangulia katika kazi hiyo. Kasoro yake kubwa haimo ndani ya chuma bali katika namna inavyouzwa, kwa sababu namba inayotangazwa mbele ya mnunuzi siyo ile inayoamua jengo litaangukaje siku litakapoelemewa.

Namba inayotangazwa ni hiyo 500. Maana yake ni kwamba kila milimita ya mraba ya mkato wa nondo hustahimili mvuto wa nyutoni 500 kabla chuma hakijavuka kikomo chake cha unyumbufu, yaani kabla hakijaanza kurefuka pasipo kurudi. Nondo ya milimita 12 ina mkato wenye eneo la milimita za mraba 113, kwa hiyo nondo moja, ambayo mtu mmoja huibeba begani bila taabu, inaweza kuning'iniza mzigo wa takribani tani 5.7 na bado ikarudi katika urefu wake wa awali mzigo ukiondolewa. Nondo laini za zamani, zile zisizo na mbavu, nyingi zilikuwa za daraja la 250, nusu ya hapo. Si ajabu basi kwamba muuzaji anapotaja 500, mnunuzi hutikisa kichwa akaona mambo yamekwisha.

Hata hivyo, namba hiyo hupotosha watu katika jambo moja ambalo nimeliona likirudiwa mara nyingi. Mtu hudhani kwamba nondo yenye nguvu mara mbili hugoma kuvutika mara mbili vilevile, na kwa hiyo akipunguza idadi ya nondo kwa nusu hakuna kitakachobadilika. Sivyo. Ukakamavu wa chuma, yaani kiasi kinachogoma kurefuka kinapovutwa, ni karibu uleule kwa chuma chote cha ujenzi, cha 250 na cha 500: takribani nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Kwa mzigo uleule, nondo zilizopunguzwa kwa nusu hurefuka mara mbili. Sakafu ya namna hiyo haitaanguka, lakini itanepa zaidi na nyufa zake zitafunguka zaidi, na mwenye nyumba atalalamikia saruji ilhali kosa ni la hesabu.

Namba isiyotajwa ni ile ya kurefuka. Nondo ya daraja la 500 inapofika kwenye kikomo chake cha unyumbufu, kila mita yake moja imerefuka milimita mbili na nusu tu. Swali la maana ni hili: itakuwa imerefuka kiasi gani kwa jumla itakapofika kwenye nguvu yake ya juu kabisa, mahali inapoanza kuwa nyembamba kiunoni na hatimaye kukatika? Kiwango cha BS 4449 kinagawa nondo za daraja la 500 katika makundi matatu kwa jibu la swali hilo. Kundi A linadai urefukaji usiopungua asilimia 2.5, kundi B asilimia 5, na kundi C asilimia 7.5. Kwa mita moja hizo ni milimita 25, 50 na 75. Zote tatu ni za 500, zote tatu huonekana zimefanana kwa jicho lisilozoea, na zote tatu zinaweza kuuzwa kwa maneno yaleyale. Kiwango hicho kinadai pia kwamba nguvu ya juu kabisa iizidi ile ya kikomo cha unyumbufu kwa angalau asilimia 5 katika kundi A, asilimia 8 katika B na asilimia 15 katika C, kwa sababu chuma kinachoendelea kupata nguvu kadiri kinavyovutwa hugawa maumivu kwa urefu mkubwa wa nondo badala ya kuyarundika mahali pamoja.

Tofauti hiyo haionekani siku ya kawaida. Huonekana siku ambayo boriti imebebeshwa mzigo ambao haikuandaliwa, au udongo umetitia upande mmoja, au ardhi imetetemeka. Boriti yenye nondo inayorefuka sana hunepa mbele ya macho ya watu, plasta hubanduka, milango hugoma kufunguka, nyufa hupanuka kiasi cha kuingiza kidole, na wote waliomo ndani hupata muda wa kutoka. Boriti yenye nondo kavu hukatika bila kusema neno. Ndiyo maana wahandisi wanaosanifu majengo ya maeneo ya matetemeko husisitiza kundi C, na ndiyo maana binafsi sikubali tena ankara iliyoandikwa «500» peke yake bila herufi yake.

Namba ya kurefuka hupatikana maabara, na mnunuzi wa kawaida hana mashine ya kuvutia nondo. Ana mizani. Kipimo cha uzito ndicho ninachokithamini kuliko vyote kwa sababu hakihitaji elimu ya juu wala idhini ya mtu: kipenyo kwa milimita kikizidishwa kwa chenyewe, kisha kikagawanywa kwa 162, huleta uzito wa mita moja kwa kilo. Milimita 12 hutoa kilo 0.888, milimita 16 hutoa kilo 1.58. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.66, na kiwango huruhusu ipungue au izidi kwa asilimia 4.5, ambapo kwa nondo nyembamba za milimita 8 kushuka chini ruhusa huwa asilimia 6. Chini ya kilo 10.18 nondo hiyo si ya milimita 12, iwe imeandikwa chochote kile.

Niliwahi kupokea shehena ambayo nondo ishirini nilizozitoa bila kuchagua zilikuwa na wastani wa kilo 9.4. Ukilirudisha hilo katika hesabu, unapata kipenyo cha milimita 11 na robo, na upungufu wa karibu asilimia 12 ya chuma. Muuzaji, ambaye sitamtaja, hakubishana na mizani. Alisema tu kwamba «ndivyo zinavyokuja» na kwamba wengine hawalalamiki. Alikuwa akisema kweli kuhusu hao wengine. Kifaa cha kupimia kipenyo kisingelinisaidia sana, kwa kuwa juu ya mbavu kilisoma milimita 12 na zaidi, na kati ya mbavu kilisoma pungufu. Mbavu huificha nondo iliyopunjwa kama vazi pana linavyoficha mwili mwembamba. Mizani haivalishwi.

Ili kuelewa kwa nini nondo mbili za umbo moja hutofautiana tabia, ni lazima kurudi nyuma hadi tanurini, na hapa ndipo jambo linaponoga. Duniani huzalishwa chuma cha pua kiasi cha tani bilioni 1.9 hivi kwa mwaka, na takribani nusu yake huishia katika majengo na miundombinu. Chuma hicho huzaliwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza huanzia kwenye mawe ya chuma. Mawe hayo, pamoja na koki iliyopikwa kutokana na makaa ya mawe na pamoja na mawe ya chokaa, hupakiwa kwa juu katika tanuri refu huku hewa yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi ikipulizwa kwa chini. Koki huungua na kutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, gesi hiyo huinyang'anya madini oksijeni yake, na chuma kilichoyeyuka hukusanyika chini kikiwa kimelewa kaboni kiasi cha asilimia 4. Chuma cha namna hiyo kinafaa kumiminwa katika kalibu lakini ukikipiga nyundo huvunjika. Kwa hiyo hupelekwa katika chombo kingine kikubwa ambamo oksijeni safi hupulizwa kwa kasi, na kwa muda wa kama dakika ishirini kaboni huungua hadi kubaki sehemu ndogo ya asilimia moja. Njia hii ya oksijeni ilianza kufanya kazi kibiashara mwaka 1952 katika mji wa Linz, Austria, na ndiyo iliyoyastaafisha matanuri ya kale.

Njia ya pili huanzia kwenye vyuma chakavu, na nondo nyingi sana hutoka huko. Chakavu hutiwa katika tanuri la umeme, elektrodi nene za grafiti hushushwa, na radi ya kutengenezwa na binadamu huruka kati ya elektrodi na chuma hadi chote kiwe uji wenye joto la nyuzi 1,600 hivi. Kwa upande wa nishati, hii ni njia ya kusifiwa, kwa kuwa kazi nzito ya kuitenga oksijeni na chuma ilishafanywa siku nyingi na mtu mwingine. Ila chakavu huja na historia yake. Ndani ya rundo moja mna mhimili wa daraja uliong'olewa, mna bodi ya gari iliyobanwa pamoja na nyaya zake, na mna injini ndogo ya umeme ambayo hakuna aliyejisumbua kuitoa shaba.

Shaba hiyo ndiyo inayonifanya niulize asili ya nondo. Uchafu mwingi ulio ndani ya chuma, kama vile silikoni na sehemu ya fosforasi, huweza kuunguzwa na kuhamishiwa katika slagi, ile takataka ya kioevu inayoelea juu na kukwanguliwa. Shaba na bati hazikubali. Oksijeni hukichagua chuma kwanza kabla ya kuzigusa, kwa hiyo hubaki humo, na kila chuma kinapozunguka tena kuwa chakavu kiwango chake huweza kupanda. Shaba ikizidi, wakati wa kukibiringisha chuma kikiwa chekundu hukusanyika juu ya ngozi, huyeyuka, hupenya katikati ya punje za chuma na kuacha nyufa nyembamba. BS 4449 imeiwekea mpaka wa asilimia 0.80. Fosforasi na salfa kila moja imewekewa asilimia 0.050, na hapo sababu ni nyingine: fosforasi hukifanya chuma kiwe kikavu kikiwa baridi, na salfa hukifanya kipasuke kikiwa cha moto isipokuwa manganisi iwepo ya kutosha kuifunga.

Habari ya fosforasi ina mkasa wake wa zamani, ambao nautaja kwa kupita kwa sababu unafundisha kitu kuhusu nondo za leo. Henry Bessemer alipopata hataza yake mwaka 1856 ya kutengeneza chuma cha pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, walionunua haki ya kuitumia walipata chuma kinachovunjika kama biskuti. Mawe yao ya chuma yalikuwa na fosforasi, na kuta za chombo chake, zilizojengwa kwa matofali yenye asili ya mchanga, hazikuweza kustahimili slagi yenye chokaa inayohitajika kuinyonya. Tatizo hilo lilingoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, ambapo Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walibadilisha matofali hayo na kuweka yenye asili ya chokaa. Kwa maneno mengine, kuyeyusha chuma ni jambo moja na kukisafisha ni jambo la pili, na anayeweza la kwanza si lazima aweze la pili.

Leo tofauti hiyo imerudi kwa sura ya tanuri la induksheni. Hilo ni tanuri dogo, rahisi kulinunua, ambalo huyeyusha chuma kwa koili ya umeme iliyolizunguka. Linayeyusha vizuri. Kusafisha haliwezi vizuri, kwa sababu slagi yake hubaki baridi na nzito na haifanyi kazi ya kunyonya uchafu inavyotakiwa, kwa hiyo kinachotoka kinakaribiana sana na kilichoingia. Kiwanda kinachochambua chakavu chake kwa makini, kinachopima kila mkupuo, yaani chuma chote kilichoyeyushwa kwa pamoja, kabla ya kuumimina na kinachohamishia chuma katika chombo cha kusafishia kabla ya kalibu, kinaweza kutoa nondo halali kwa tanuri hilo. Kiwanda kinachotia lolote lililopatikana kitatoa nondo ambayo fungu la Jumatatu halijuani na fungu la Jumanne. China iliona madhara hayo kwa kiwango kikubwa hata ikaamuru uzalishaji wa chuma duni wa matanuri ya aina hiyo ufutwe kufikia katikati ya mwaka 2017. Simlaumu mtu kwa kutokuwa na tanuri kubwa. Namlaumu anayeandika cheti kimoja kwa mikupuo kumi.

Kutoka tanurini chuma humiminwa kwa mfululizo na kuganda kuwa vipande virefu vya pembe nne viitwavyo bileti. Bileti hupashwa moto upya hadi nyuzi 1,100 au 1,200, kisha hupitishwa kati ya jozi baada ya jozi za rola, kila jozi ikikipunguza unene na kukirefusha, hadi jozi ya mwisho ambayo imechongwa mifereji ya kuacha mbavu na alama za kiwanda. Alama hizo ndizo nilizosema watu huzidhania mapambo. Ni kitambulisho kilichochapwa chuma kikiwa chekundu, na kwa viwango kama BS 4449 hata mpangilio wa mbavu zenyewe hutofautisha kundi A na B na C. Nondo isiyo na alama yoyote sinunui, hata ikiwa nzuri, kwa sababu siku ikiharibika sitakuwa na wa kumuuliza.

Baada ya rola ya mwisho hufanyika jambo linaloifanya bidhaa hii istahili sifa niliyoipa. Nondo ikiwa bado na joto la nyuzi zinazokaribia 1,000 hupita kwa kasi ndani ya mabomba yenye maji ya shinikizo kubwa, kwa muda unaohesabiwa kwa sekunde chache au hata chini ya hapo. Ngozi yake hupoa ghafla na kuwa ngumu mno. Moyo wake hauna habari, bado ni mwekundu. Inapotoka majini, joto la moyo husafiri kwenda nje na kuipasha ngozi upya hadi kama nyuzi 600, na mpasho huo huipunguzia ngozi ukavu bila kuipokonya nguvu. Kisha moyo nao hupoa taratibu na kubaki laini. Kwa namna hiyo, kutokana na chuma cha kaboni kidogo kisichoongezewa madini ya thamani, inapatikana nondo yenye gamba gumu na kiini kinachovutika. Mbinu hii ilikuzwa Ubelgiji katika miaka ya 1970 na sasa imeenea. Kabla yake, njia iliyotumika sana ilikuwa kuisokota nondo ikiwa baridi, ambayo iliongeza nguvu kwa kuitoza kurefuka. Ilipata namba ya kwanza kwa kuiuza ya pili.

Nimewahi kuikata nondo, kuilainisha uso wa mkato kwa msasa na kuipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, kazi ambayo afanye mwenye mazoea na mwenye kinga ya macho na mikono. Pete nyeusi hujitokeza pembezoni na moyo wa kijivu katikati. Katika nondo nzuri, pete hiyo ni kamili na unene wake unalingana pande zote. Katika sampuli moja niliyoipata kutoka fungu lililokuwa likitusumbua, pete ilikuwa nene upande mmoja na upande wa pili imekatika kabisa, dalili kwamba maji hayakuizunguka sawasawa. Fungu hilo ndilo lililokuwa likijikunja lenyewe kila lilipokatwa, na mafundi walikuwa wameshaanza kulaumiana.

Gamba hilo lina masharti. La kwanza ni moto. Fundi akiona nondo ya milimita 25 inamsumbua, huwasha gesi na kuipasha hadi iwe nyekundu ili ipinde kwa urahisi, na nondo hutii. Kilichotokea ni kwamba ameifuta kazi yote ya maji katika kipande hicho na kukirudisha katika chuma cha kawaida, tena mahali penye kona, ambapo mvuto huwa mkali. Sharti la pili ni kupinda na kurudisha. Kupindwa mara moja, kwa kufuata gurudumu la kipimo sahihi, si tatizo. BS 4449 yenyewe hupima nondo za hadi milimita 16 kwa gurudumu lenye kipenyo mara nne ya nondo, na zile nene zaidi kwa mara saba, kisha hurudisha kidogo kuona kama ufa utatokea. Tatizo ni nondo zilizoachwa zimechomoza kutoka kwenye nguzo, zikakunjwa ili zisizuie njia, zikanyooshwa wiki mbili baadaye kwa bomba na nguvu za watu wawili. Nimeshuhudia moja ikikatika kwa mlio mkavu katika hatua ya kunyooshwa. Iliyokatika haikunitia wasiwasi kama zile jirani zake ambazo hazikukatika.

Kuhusu kuchomelea, bidhaa hii imewapita wazazi wake kwa mbali. Kaboni yake haizidi asilimia 0.22, na jumla ya kaboni pamoja na madini mengine yanayofanya kazi kama kaboni, ambapo manganisi huhesabiwa kwa sehemu moja ya sita ya uzito wake na mengine kila moja kwa sehemu yake, imewekewa mpaka wa 0.50. Chini ya mpaka huo uchomeleaji wa kawaida hukubalika, kwa fundi anayejua kazi na kwa idhini ya mhandisi. Pamoja na hayo, sipendi vidoa vya kuchomelea vinavyowekwa kwa haraka ili kuzishika ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kuu, mahali pake. Kidoa kidogo hupoa ghafla, huacha sehemu ndogo iliyo ngumu na kavu, na huanzisha ufa pale ambapo waya wa kufungia ungetosha.

Kutu nayo inahitaji uamuzi wa busara, kwa maana watu huikimbia inapokuwa haina madhara na kuikaribisha inapokuwa na madhara. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa juu ya nondo iliyokaa nje majuma kadhaa haiipunguzii chochote cha maana na hata husaidia zege kushika. Gamba linalobanduka kwa vidole ni jambo jingine: lisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha nondo ipimwe uzito upya, na mizani iamue. Mafuta, rangi na matope ni vibaya kuliko kutu nyepesi, kwa sababu hutenganisha chuma na zege. Ndani ya zege lililo zima, chuma hulindwa na uchungu wa saruji, yaani ualkali wake ulio kinyume cha asidi, ambao huunda juu yake utando mwembamba usiopitisha kutu. Ulinzi huo huondoka kwa njia mbili: hewa ya ukaa ikipenya polepole na kuuua uchungu huo, au chumvi ikifika kwenye chuma, iwe imetoka baharini au imechanganywa tangu mwanzo kwa mchanga na maji yasiyofaa. Kutu inapoanza humo ndani huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na hulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo nondo bora kabisa iliyolazwa juu ya ardhi bila vipande vya kuiinua, ikabaki na sentimita moja ya zege badala ya tatu au nne zilizochorwa, haina sifa yoyote ya kunusuru. Hilo siwezi kulihesabu kama kasoro ya bidhaa.

Wapo wanaoshauri mbadala. Nondo za chuma kisichoshika kutu, chenye kromi ya asilimia 10.5 na zaidi, ni nzuri sana kwa madaraja na gati za baharini, ila bei yake huwafanya watu wazitumie mahali pachache penye hatari. Nondo za nyuzi za kioo hazijui kutu na ni nyepesi, lakini ukakamavu wake ni kama robo tu ya ule wa chuma, hazipindiki kwenye meza ya fundi, na jambo linalonikwaza zaidi ni kwamba hazina hatua ya kurefuka: hubeba, hubeba, kisha hukatika. Kwa mtu aliyenifuata hadi hapa, ataelewa kwa nini nondo ya kawaida bado inanipendeza.

Shehena ya mwisho niliyoipokea ilikuwa ya kundi C. Wastani wa uzito wa nondo za milimita 12 ulikuwa kilo 10.5, alama za kiwanda zilisomeka bila kulazimisha macho, na vipande vitatu vilivyopindwa kwenye meza havikuonyesha ufa wowote kwenye ngozi ya nje. Namba za mikupuo zilizoandikwa kwenye vibati vya mafungu zililingana na zile za cheti, isipokuwa fungu moja ambalo kibati chake kilikuwa kimeng'oka njiani. Nondo zake ni nzuri kwa kuziangalia na uzito wake ni kamili. Nilisaini mafungu mengine yote. Hilo moja bado liko juu ya magogo, likingoja vipande vyake vilivyopelekwa maabara vivutwe.